Wumpini Alipouzima Moto wa Mpunga

S.L.P. 88,
Tamale.
20 Juni.

Mpendwa Kaka Abukari,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Lamisi na watoto, na baridi ya Winnipeg iwe imewaachia nafasi ya kuota jua. Goti lako linaendeleaje? Mma anasema mwanawe hajazeeka, unalisingizia tu uzee. Mimi nasema ni kuendesha gari kutwa nzima. Litembeze, kaka, halitavunjika.

Sisi hatujambo. Mvua zimeanza na vumbi limelala. Mma anakula vizuri na anagombana na kila mtu, kwa hiyo afya ipo. Jana amemfukuza jikoni dada wa kazi eti mlenda wake hauvutiki, akasonga ugali wa tuo zaafi mwenyewe.

Uliniuliza kwenye simu ni kazi gani hii inayonifanya nisipokee. Nikueleze vizuri sasa. Ni ufadhili wa wanafunzi wa chuo wanaochunguza jinsi mabadiliko ya hali ya hewa yanavyogusa afya za watu. Tunawachagua, tunawalipia masomo ya mwaka, na wao wanatoka darasani kwenda kuangalia joto na mafuriko yanawafanya nini watu wa kawaida. Nimeijenga programu hii tangu ikiwa wazo tu, na sasa naisimamia.

Haikuanza kwa amani. Mkuu wa kitivo, Dakta Salifu, alitaka tuchukue wanafunzi wa udaktari peke yao. Nikamwambia joto halimsubiri mtu hospitalini, linaanza kumpiga shambani na jikoni. Akanijibu, "Basi chukua na mafundi seremala." Nikachukua wa kilimo, wauguzi, na mmoja wa usanifu majengo. Seremala hakuomba.

Wawili kati yao nataka uwajue. Wumpini ni wa kilimo, mrefu, mcheshi, hajui kunong'ona. Suhuyini anasomea uuguzi, ana akili kali lakini sauti yake unaitafuta. Niliwapeleka pamoja Kukuo, kwenye ua ambako akina mama wanachemsha mpunga kabla ya kuukoboa. Kazi yao ilikuwa kupima joto la pale na kuwauliza wanawake hali zao. Chuo kiliwapa sharti moja: pimeni, ulizeni, msiingilie kazi za watu. Likitokea jambo, mpigieni msimamizi.

Unaijua Aprili yetu ilivyo na joto. Sasa iongezee mapipa ya maji yanayochemka, yamepangwa safu, na moto wa kuni chini yake. Mchana mmoja mama anayeitwa Sanatu, mjamzito wa miezi minane, alianza kuongea maneno yasiyoeleweka. Ngozi ilikuwa imemkauka, hata jasho halitoki. Wenzake wakadhani ni uchovu. Kisha akaanguka, hatua chache tu kutoka motoni.

Wumpini alinipigia. Nilikuwa kikaoni na simu nimeizima. Hakupiga mara ya pili. Alimbeba mama wa watu mpaka kivulini, akachota maji kwenye pipa la kuloweka mpunga na kummwagia mwili mzima, huku akiwapigia kelele wanawake, "Mpepeeni! Mama zangu, mpepeeni!" Halafu, ili asianguke mwingine, akauzima moto wote kwa maji yaleyale. Akasimamisha bajaji barabarani, wakampeleka hospitali. Daktari aliyempokea alisema angechelewa kidogo tu tungewapoteza mama na mtoto.

Mpunga wa siku ile uliharibika. Ulikuwa wa mfanyabiashara mmoja, Alhaji Neindow, na yeye hakwenda hospitali kujulia hali, alikuja chuoni kushitaki. Kamati ya maadili ya utafiti ikaitishwa. Dakta Salifu akaniita pembeni.

"Fuseina, mtoe kijana mmoja, programu ipone. Wafadhili wakisikia tuna kesi, watakimbia wote."

"Nikimtoa huyu," nikamwambia, "wale wanaobaki nitawafundisha nini?"

Jioni ileile niliwaandikia wafadhili mwenyewe, nikawaeleza yote kabla hawajasikia kwa mtu. Nilikuwa na hofu, kaka, sikufichi. Lakini nilijua ninachokisimamia.

Asubuhi ya kikao Suhuyini akaja ofisini kwangu analia, anataka kuacha. "Mimi ndiye muuguzi, Madam, na ndiye niliyeganda kama gogo. Yeye mtu wa mahindi ndiye aliyefanya kazi yangu." Nikamwambia kuganda siku ya kwanza si dhambi, ila kukimbia kutanikasirisha. Nikampa kazi: aandae somo la kumwokoa mtu aliyeshindwa na joto, awafundishe wenzake wote.

Kikaoni Alhaji alizungumza kwanza, akazungumza sana. Wumpini akaulizwa kama alilijua sharti. Akajibu kwamba alilijua, na kwamba kesho likitokea atafanya vilevile. Mwenyekiti alikuwa anaandika hilo jibu wakati mlango ulipofunguliwa. Akaingia Sanatu, tumbo mbele, bila kualikwa.

"Nimesikia mnamhukumu mwanangu," akasema. "Kwani mlitaka afanyeje? Asimame na kipimajoto chake mpaka nife, ndipo aandike nimekufa na joto gani?"

Kisha akamgeukia Alhaji. "Na wewe, mpunga wako nitauchemsha tena nikishajifungua. Mimi ungenichemsha upya?"

Mzee mmoja wa kamati alicheka mpaka akavua miwani. Kamati ikaamua Wumpini abaki. Sharti likafutwa, nikapewa kazi ya kuandika jingine: mtu akiwa hatarini, utafiti unasimama. Wafadhili nao hawakukimbia, wameongeza mwaka wa pili. Alhaji bado ananuna, lakini wanawake wamekubaliana kuchemsha alfajiri tu, na mpunga wake anawaletea kama kawaida.

Sanatu amejifungua salama, mtoto wa kike, mapafu kama tarumbeta.

Wiki iliyopita tumewapokea wanafunzi wapya, na somo la kwanza tulilifanyia Kukuo, uani kwa akina mama. Suhuyini ndiye aliyefundisha, na siku hiyo hata wa nyuma walimsikia. Akaomba mtu mmoja ajifanye mgonjwa. Vijana wakaangalia chini. Dakta Salifu alikuwa amekuja kutazama, amevaa vazi lake jipya la fugu la mistari. Sanatu, mtoto mgongoni, akamnyooshea kidole.

"Huyu hapa anafaa. Dakta, lala mkekani!"

Akalala, kaka! Wallahi akalala. Suhuyini akatoa amri, vijana wakamwaga ndoo, wanawake wakampepea kwa ungo huku wakipiga vigelegele, na mkuu wa kitivo anapiga kelele chini pale, "Nimepona! Jamani nimepona, msinizamishe!"

Msalimie sana shemeji Lamisi, na Rafia na Kasim, waambie shangazi yao anawadai picha. Mma, Baba mdogo Issahaku na nyumba nzima wanakusalimu. Mungu awatunze huko ugenini, awape riziki isiyo na masimango, na awarudishe kwetu mkae nasi hapa uani.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Fuseina