Nilikuwa Sauti Yako Magwagwa

Dada yangu Kerubo,

Najua hilo si jina lako. Jina lako la kwenye kaseti lilikuwa refu, na hapa Magwagwa hakuna ulimi uliolifikisha mwisho. Siku tulipokuona mara ya kwanza ukipanda farasi kwenye nyika isiyo na kilima hata kimoja, mama mmoja aliyeketi nyuma alisema, "Huyu ni Kerubo." Kwetu Wakisii msichana aliyezaliwa kule tambarare ndiye huitwa hivyo. Jina likakaa. Wewe ulikuwa mwigizaji mkubwa wa Marekani, na hukujua kwamba kwenye milima hii ya chai una jina la pili, wala hukujua kwamba kulikuwa na mwanamke huku aliyekuwa akikusemea. Mwanamke huyo ni mimi. Naitwa Moraa, mama yake Kwamboka.

Nakuandikia kwa sababu umekufa na sikuwahi kukuambia asante.

Habari zako nilizipata shambani, kikapu cha majani kikiwa mgongoni. Kwamboka, binti yangu anayefundisha Kiingereza kule Kenyenya, alinipigia simu akasema, "Mama, keti kwanza." Nikaketi juu ya mawe. Akaniambia umefariki nyumbani kwako, kitandani, mzee wa nywele nyeupe. Nikafurahi kwamba hukufia barabarani, kisha nikalia. Jioni hiyo majirani wakaanza kuja. Nakuambia ukweli mtupu, walikuja kunipa pole kana kwamba nimefiwa na ndugu! Mmoja alileta sukari, mwingine maziwa. Omondi naye alinipigia simu kutoka kwao ziwani, sauti imezeeka, akasema, "Pole sana, Mama Kwamboka. Tumepoteza mtu." Huyo Omondi ndiye aliyetukutanisha, kwa hiyo lazima nikueleze.

Mimi nilikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Si kile kidogo cha kuchekesha. Neno likikwama, lilikwama kweli, na watu wema walinimalizia. Balaa ilikuwa hapo. Nilitaka kusema sitaki, wao wakasema, "Anataka." Nilipelekewa vitu ambavyo sikuomba, wakakubali kwa niaba yangu mambo ambayo mimi sikuyakubali. Hata kanisani, siku ya harusi yangu, mchungaji hakungoja nimalize kiapo. Mwishowe nikaacha kusema. Nikachagua kazi isiyohitaji maneno, nikauza chai na mandazi mlangoni mwa banda la vidio.

Banda lilikuwa la Omondi, Mjaluo aliyekuja kutafuta maisha huku kwetu. Kaseti alizikodi kwenye duka la baba mmoja Mhindi mjini Kisii. Siku za soko, wachumaji wakishapeleka majani kituoni, waliingia na gamubuti zao miguuni, jenereta ikaanza kunguruma, na Omondi akashika kipaza sauti kututafsiria. Alisema Kiswahili, na kila mtu kwenye picha alimsemea yeye: polisi, mwizi, hata mbwa alibweka yeye. Wewe alikusemea kwa kubana pua. Ulipolia, watu walicheka. Jambo hilo liliniudhi kuliko ninavyoweza kueleza. Nilisimama ukutani na birika langu nikikutazama usoni, nikijua kwamba unasema jambo kubwa na mwanamume huyu anakuharibia.

Kisha siku moja mvua ikanyesha. Unajua, mvua ya huku kwetu Nyamira ikipiga mabati, hata ukiitwa na Mungu husikii. Ilikuwa picha ile ya nyika, pale unaposimama mlangoni kwako na aproni, na wanaume watatu wako juu ya farasi wamekuja kukutoa. Omondi alipiga kelele kidogo, akashindwa, akafunga mikono. Watu wakabaki wanatazama midomo inatembea tu. Nami, kwa kuwa hakuna ambaye angenisikia, nikaanza kukusemea kwa Kikisii. Sikujisikia hata mwenyewe. Nikasema na nikasema.

Mvua ikakatika ghafla. Nilikuwa katikati ya sentensi na sikujua. Niliposhtuka, banda zima limegeuka, na sauti yangu imesimama hewani, safi, haijakwama popote. Nilisema hivi: "Mimi sikuja hapa kwa kutangatanga. Nilitolewa ng'ombe, na ng'ombe hao walipita mchana watu wakiona. Mume wangu amelala mbele ya mlango huu. Anayetaka nitoke, amwamshe kwanza yeye, amwulize."

Hakuna aliyecheka. Omondi aliinuka, akanipa kipaza sauti, akasema, "Mama, shika. Huyu mama sasa ni wako."

Nikawa wako. Kwa miaka mingi, Kerubo, nilikufuata kaseti kwa kaseti. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nne, kwa hiyo sikukufuata kwa masikio, nilikufuata kwa macho. Ukikaza shingo, nilijua umekasirika na unaficha. Ukigusa kitambaa cha meza, nilijua kuna uongo unakuja. Nikakutungia maneno ya kutosha uso wako. Nje ya banda nilibaki yule yule wa zamani, nikienda dukani naonyesha chumvi kwa kidole. Ndani, nikiwa wewe, sikukwama hata mara moja. Sikuelewa kwa nini na sikuuliza, maana ukipewa kitu kizuri hivyo unakitumia tu.

Mara nyingine ulinitesa. Unakumbuka yule kijana mwenye kidevu kikubwa uliyembusu kando ya mto? Tulikuja kumwona tena kwenye kaseti nyingine, yeye bado kijana, na wewe wamekufanya mama yake! Hapo banda nusura livunjike. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya mzazi na mtoto ambayo haichezewi, na watu walikuwa wamekuona kwa macho yao ukimbusu huyu huyu. Mzee mmoja alifunika uso kwa kofia akaelekea mlangoni, akisema, "Hii ni laana, toeni hiyo kitu!" Omondi akanitazama mimi. Nikajaribu kusema wewe ni mama yake mdogo, wakazidi kuguna, maana mama mdogo ni mama. Mwisho nikakufanya jirani mwenye roho nzuri anayemletea chakula. Picha nzima, kila alipokuita mama, mimi nikatafsiri, "Jirani." Mzee akarudi akaketi, akanywa na chai.

Siku hizo nilidhani ni ujinga wa watengeneza picha. Baadaye Kwamboka alinisomea habari zako kwenye simu, na nikajua ilikuuma. Alinisomea kwamba mama yako alifua nguo za watu, nawe ukabeba maji. Kwamba kazi yako ya kwanza kwenye filamu ilikuwa kufungua mlango na kusema chakula kiko tayari, basi. Kwamba ulipofika umri fulani wakakupa kazi za mama tu, mama wa wanaume uliolingana nao, ukakataa, ukakaa nyumbani miaka bila kazi ukipanda maua. Kisha ukarudi mzee, ukaigiza hakimu, na watu wakasimama kukupigia makofi. Nilimwambia Kwamboka arudie hapo pa makofi. Akarudia, bila kulalamika.

Lakini nimeruka mbele. Kuna siku moja ambayo ndiyo sababu ya barua hii.

Baba Kwamboka alifariki, tukamzika mbele ya nyumba kama desturi. Mungu alikuwa ametupa mabinti tu. Matanga hayajaisha vizuri, shemeji yangu Nyakundi akaleta wazee wa ukoo, wakaketi uani kwangu. Alitaka nihamie kipande cha chini, kule kwenye tope na mikaratusi, na shamba hili la chai alichukue yeye, kwa vile mabinti wataolewa. Mzee mmoja akaniambia, "Mama Kwamboka, wewe unasema aje?"

Nikafungua kinywa. Neno likakwama pale pale mwanzoni. Nilihisi uso unavimba, na watu wakaanza kutazama chini kwa aibu kwa ajili yangu. Nyakundi akanisaidia, kwa upole kabisa: "Wazee, tusisumbue huyu mama. Amekubali. Ni vile tu hawezi kuongea."

Nikaona wazee wanaanza kuokota kofia zao. Kerubo, niliona maisha yangu yanaondoka pamoja na hizo kofia. Binti zangu wawili walikuwa jikoni, Kwamboka akiwa bado wa kuvaa sare ya shule.

Sijui nani aliniinua. Nilitembea mpaka mlangoni kwangu, nikageuka, nikashika fremu kama ulivyoishika wewe, nikanyoosha shingo kama yako. Nikamtazama shemeji. Nikasema, "Mimi sikuja hapa kwa kutangatanga."

Likatoka zima. Nikaendelea: nilitolewa ng'ombe. Nikasikia mtu nyuma ya wazee anasema nami, taratibu. Alikuwa mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa akikaa benchi la mbele bandani kila soko. Kisha mwingine. Kisha wote waliokuwa wameleta kuni na maji ya msiba, wanawake ambao hawakuruhusiwa kusema lolote pale, wakasema na mimi, kwa kuwa maneno hayo waliyajua kwa moyo: mume wangu amelala mbele ya mlango huu, anayetaka nitoke, amwamshe kwanza yeye, amwulize. Na safari hii kaburi lilikuwepo, udongo bado mbichi.

Nyakundi aligeuka kuuliza maneno hayo yametoka wapi, maana hakuwa amewahi kuja bandani. Yule mzee alivaa kofia yake akasema, "Mama ameongea. Boma ni yake. Twendeni." Chai niliyokuwa nachuma siku ya kifo chako ni ya shamba hilo. Ndiyo iliyomsomesha Kwamboka mpaka akajua Kiingereza cha kukusikia wewe.

Na alipokusikia, alicheka mpaka akashika tumbo. Likizo iliyopita aliipata picha ile kwenye simu, tukaitazama sisi wawili. Nikasema maneno yangu pale mlangoni. Akaniuliza, "Mama, ni nani alikuambia anasema hivyo?" Kumbe pale hudai chochote. Kumbe unawaomba wale wanaume wakungoje mpaka Ijumaa upate kufunga mizigo, na wakuruhusu uchukue cherehani! Hakuna ng'ombe wa mahari kwenye picha ile. Hakuna kaburi. Kaburi nililichimba mimi.

Sikulala vizuri siku hiyo. Nilijiona mwongo, nikawaza wale wanawake wote walioapa kwa maneno ya cherehani. Lakini Kwamboka ana moyo wa kutafuta. Akakuta mazungumzo uliyofanya ukiwa mzee, ukiulizwa juu ya siku mliyopiga picha ile ya mlangoni. Ukasema kwamba hata ile sauti haikuwa yako. Ulikuwa kijana, lafudhi yenu ya mashambani iliwachekesha wakubwa wa studio, wakamweka mwanamke mwingine aseme juu ya uso wako. Na ukasema uliambiwa uinamishe macho unapoomba. Ulijaribu mara nyingi, macho yakagoma. Jua likawa linazama, watu wamechoka, wakaiacha hivyo hivyo.

Nilimwambia Kwamboka azime simu. Nikatoka nje nikakaa karibu na kaburi la baba yao nikacheka na kulia pamoja. Sauti iliyoomba ilikuwa ya mtu mwingine, dada. Yako yalikuwa macho, na macho hayakuwa yakiomba cherehani. Mimi mama wa mandazi niliyasikia kutoka huku. Asante. Asante kwa kutoinama. Mbuya mono, kama tusemavyo kwetu. Umenipa ulimi na shamba, na hukunidai hata salamu.

Banda lenyewe sasa ni duka la dawa za mifugo, na vijana wanatazama picha kwenye simu wakiwa kitandani. Kigugumizi kimebaki kidogo, hunitembelea nikichoka. Lakini siku hizi wanawake huja kuniita. Mume akifariki, wazee wakiketi, mtu hutumwa: mwiteni Mama Kwamboka aje aseme. Nimekwenda boma nyingi, nimesimama kwenye milango ya watu, nimesema maneno yetu, na mara nyingi yamesikika.

Alhamisi nimeitwa Birongo. Ni mjane mdogo, wa umri wa binti yangu wa mwisho, anaitwa Bosibori. Mama mkwe wake amenitumia ujumbe kwamba msichana ni mwoga, hawezi kufungua kinywa mbele ya wanaume, kwa hiyo nije nimsemee yote. Nilikuwa nimekubali. Tangu Kwamboka aniambie juu ya yule mwanamke waliyemweka juu ya uso wako, jambo hilo la kumsemea mtu halinipi usingizi.

Pumzika, Kerubo. Huko uliko, kama kuna mtu anataka kukusemea, mwambie angoje. Nami nakuahidi hivi: Birongo nitakwenda, lakini sitasema. Nitasimama karibu na Bosibori mlangoni kwake, na wazee wakinuna, wanune. Akikwama, tutangoja wote, hata kama ni mpaka giza liingie, na atakayejaribu kumalizia neno lake atapambana na mimi.

Ni mimi dada yako,
Moraa, Mama Kwamboka
Magwagwa