Vidonge vya Wake Wenza

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Bibi Mwanabibi kafika. Boti kutoka kisiwani mpaka Nyamisati, kisha bodaboda hadi huku hospitalini — na kifua kile! Kaniletea kamba wakavu kwenye kopo la maziwa. Miezi miwili ya dawa za kifua kikuu imetimia, kaja kupima makohozi.

Slaidi ya makohozi nimeipaka rangi mwenyewe hapa maabara, kwa mbwembwe. Nilijua itakuwa safi.

Vijiti vyekundu, ndio bakteria wenyewe. Vingi. Nikafuta lenzi, nikapaka slaidi nyingine. Vipo! Huenda ni maiti, nikajiambia, maana hata bakteria aliyekufa hushika rangi. Lakini Bibi bado anakohoa, na gauni linazidi kumpwaya. Nimeingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Wamempa chumba cha pembeni, madirisha wazi. Nimemsalimia nikiwa na barakoa. Kasema nimenenepa.

Jumanne, 7 Oktoba

Kadi yake ya dawa ina alama ya vema kila siku, hakuna iliyorukwa. Msimamizi wake ni Bibi Mdogo — Maimuna, mke wa pili wa marehemu babu. Tangu babu afariki wanaishi nyumba moja. Asubuhi wanateta, jioni wanasukana.

Nikambana Bibi. Vidonge vinamezwa kila siku? Vinamezwa. Vyote vitatu? Vyote. Unavimeza wewe mwenyewe? Akaeleza kama anayeeleza jinsi ya kupika wali: leo anameza yeye, kesho anameza mwenzake.

Zamu! Kama zamu za babu!

Mwenzake naye anakohoa, na kupanda boti anaogopa. "Tuligawana mume miaka thelathini, mjukuu wangu, itushinde vidonge?" Tena akanieleza kwa fahari kwamba mkojo wa mwenzake nao umegeuka rangi ya chungwa, ndipo wakajua dawa imemkubali.

Nilicheka. Kisha nikafoka. Kisha nikaona aibu, maana hata mimi nimelelewa kwa zamu — leo nakula kwa huyu, kesho kwa yule — na sikulala njaa hata siku moja.

Kadi haikusema uongo. Vidonge vilimezwa. Haikuonyesha tu ni nani aliyevimeza.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemweleza Bibi, mimi nje ya dirisha, yeye kitandani. Kwamba bakteria hawa ni wazito: wale wa kuharisha wanaweza kugawanyika kila dakika ishirini, hawa huchukua karibu siku nzima. Ganda lao lina mafuta kama nta, dawa hupenya kwa shida. Ndiyo maana ni miezi sita, na kila siku. Na kwamba katika mamilioni, mmoja huzaliwa na kosa dogo kwenye vinasaba, na kosa hilo linamkinga na dawa. Ukimeza nusu, wanyonge wanakufa, yeye anabaki peke yake na nafasi tele. Anazaa wenye kosa lile lile.

Bibi akasema: "Ndago hiyo." Mpunga ukiupalilia siku moja, siku ya pili ukalala, majani mengine yote hufa ila ndago.

Miaka mitatu chuoni, hakuna mwalimu aliyesema vizuri hivyo!

Halafu akauliza polepole: basi mimi ndiye niliyempandia mwenzangu ndago kifuani? Nikasema tutapima. Nampenda mpaka inauma.

Ijumaa, 10 Oktoba

Bibi mwenyewe kampigia simu mwenzake: upande boti, au usinione tena. Na Bibi Mdogo kapanda! Amejifunika kanga kichwani kutoka kisiwani mpaka Nyamisati, hakutazama maji hata mara moja. Wamekutana barazani, wakaanza kuteta kuhusu kuku aliyeachwa bila mlinzi.

Nimewapa vikopo. Makohozi ya asubuhi, nimesema, yatoke kifuani. Si mate!

Jumamosi, 11 Oktoba

Kikopo cha Bibi Mdogo kimejaa mate. Matupu! Eti aliona haya kukohoa mbele za watu. Kwa hiyo cha Bibi kimetangulia mashineni, na Mustapha, mwenzangu wa maabara, kanifukuza mlangoni — eti namzonga. Mashine hii inasoma vinasaba. Itasema kama wapo, na kama dawa kubwa, ile ya mkojo wa chungwa, bado inawaua. Huchukua karibu saa mbili; ikikatisha mapema, ama imegoma, ama haikuona bakteria.

Bibi Mdogo kapelekwa nyuma ya jengo, kaelekezwa, kakohoa mpaka machozi. Safari hii ni makohozi kweli. Yameingia mashineni saa nne na nusu.

Saa tano. Mustapha katoa kichwa. Jibu la Bibi limetoka — wapo, lakini dawa bado inawaua! Nimekimbia uani, kandambili moja nimeiacha njiani. Bibi! Bibi, dawa inafanya kazi! Ukimeza kila siku, utapona!

Hakutabasamu. Kauliza: "Na mwenzangu?"

Bado, nikasema.

"Basi usiniambie mie peke yangu. Nenda, utarudi na yetu sote."

Nimekaa kwenye ngazi ya maabara. Saa sita kasoro robo. Kule barazani wameketi, barakoa usoni, Bibi kamshika mwenzake mkono. Hawateti. Sijawahi kuwaona hawateti. Mustapha kasema imebaki nusu sa—

Ananiita. Mapema mno. Sijui kwa nini mapema