Mashine Uliyomtumia Mama

Soweto, Mbeya
14 Julai 2024

Mpendwa dada Verediana,

Nisamehe. Tangu tumzike mama ni miezi mitatu, na barua hii nimeianza mara nne nikaichana. Kwenye simu nisingefika mwisho, ndiyo maana nimeandika, na barua nampa Taslim, binti wa bosi wangu wa dukani, anayekuja huko Ujerumani kusoma.

Hamjambo? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Na mguu wako ulioteguka, sasa unakanyaga? Sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Mdogo anaota meno, kwa hiyo silali. Tumpe wangu yupo darasa la kwanza, anasoma kila bango analoliona.

Kaburi la mama kule Kalenga limeshajengewa. Mjomba Sosthenes amesimamia vizuri, na yale maua uliyosema yameshapandwa.

Sasa nije kwenye lenyewe. Ile mashine ya kuoshea vyombo uliyomtumia mama apumzishe vidole vyake vilivyokuwa vinamuuma, haioshi. Baada ya msiba ndiyo nimeanza kuitumia mwenyewe. Sahani zinatoka na punje za wali, vikombe vina weupe kama chokaa, na bakuli ukipitisha kidole mafuta yapo palepale. Nikadhani nimeiharibu mimi. Nikajaribu sabuni ya kufulia, povu likajaa jikoni hadi mlangoni.

Nikamwita fundi Rabson. Kwanza alinicheka: "Mama Tumpe, bakuli zote zinaangalia mbinguni kama zinasali! Maji yanatoka chini, zigeuze." Tukazigeuza, wapi. Akaifungua. Ule mkono wa plastiki wa chini, unaozunguka na kurusha maji, umepasuka katikati. Akasema huo ufa ni wa zamani, wa safarini. Mashine hii haijawahi kuosha hata siku moja.

Nikambishia. Miaka miwili vyombo vinang'aa, unaniambia nini? Ndipo Tumpe akadakia: "Bibi alikuwa anaviosha kwanza nje kwenye beseni. Halafu anavipanga humo, anawasha ukikaribia kurudi. Alisema mama mkubwa asijue, ataumia."

Dada, nilikaa chini sakafuni palepale. Rabson akakusanya vifaa vyake akaondoka bila kuaga.

Lile boksi la vidonge vya sabuni ulilotuma nimelikuta kabatini. Halijafunguliwa, limeshika unyevu limekuwa jiwe. Na mimi kila nikirudi kazini nikiisikia inanguruma, nilikuwa nafurahi kwamba mama amepumzika. Tena mwaka jana, baridi kama hii, jumuiya ilipokuja kusali kwetu, niliwazuia akina mama wasioshe kitu. Nikawaambia acheni hapo, tuna mashine. Sahani arobaini. Kesho yake mama alishindwa kushika kikombe cha chai. Nikamwambia ni baridi tu, ajifunike. Akajifunika. Hapo ndipo panaponiua.

Najua kifua ndicho kilichomchukua, si beseni. Lakini nimebaki na vile vidole.

Sikuandikii ili ujilaumu, na usithubutu kutuma mashine nyingine. Nataka hii hii ipone, ioshe. Mama ameifanyia kazi yake miaka miwili, sasa na yenyewe ifanye. Nimekwambia kwa sababu ulipaswa kujua alivyokupenda, na mimi nilichoka kujua peke yangu.

Msalimie shemeji, na wanangu Aroni na Joachim. Baba Tumpe anakusalimu, na mjomba Sosthenes kasema upige simu hata usipokuwa na la kusema. Mungu akae nawe huko ugenini, na ukilia, usilie peke yako.

Mdogo wako akupendaye daima,
Lea

Taslim anarudi likizo Desemba, umpe hivi: mkono wa chini wa kurushia maji, mmoja (namba iliyo ubavuni mwa mashine nimeiandika nyuma ya karatasi hii), chumvi ya mashine, ile ya kuzuia weupe wa chokaa, paketi moja, vidonge vya sabuni, boksi dogo, tutaweka pakavu. Na kwenye simu, usingoje Desemba, nitumie zile sauti mama alizokuwa anakurekodia kwa simu yangu, akisema inaosha vizuri mno, sahani zinateleza mkononi. Za kwangu nilizifuta simu ilipojaa. Nitumie zote, hata ile fupi ambayo anakohoa tu.