Mama, Wameijua Sauti Yako

Mama,

Shikamoo. Najua ungeitikia marahaba yako ile ndefu, halafu ungeuliza kama nimekula. Nimekula. Tumekula sote, na leo Baba ameomba kuongezwa wali, jambo ambalo sijaliona tangu ututoke. Nakuandikia kwa sababu kuna habari, nayo ni yako, na nimeshamhadithia kila mtu hapa mtaani isipokuwa wewe.

Umetoka kwenye televisheni, Mama. Sauti yako. Nchi nzima imeisikia.

Ngoja nikuanzie mwanzo, maana ulikuwa hupendi mtu akurushie habari katikati.

Kuna tamthilia inaitwa Uani kwa Bi Tatu. Ni ya nyumba moja ya kupanga huko Kariakoo, enzi za ujana wenu, wanawake wanagombania kamba ya kuanikia nguo asubuhi na jioni wanapelekeana futari. Ungeipenda. Ungewasema wote kwa majina. Kila sehemu huwekwa wimbo wa dansi wa zamani, na mwishoni kabisa, maandishi yanapopanda, wanaandika tu: "nyimbo za zamani." Basi. Hawamtaji aliyepiga wala aliyeimba.

Sisi wapenzi wa tamthilia hiyo tukajikusanya kwenye kundi la simu. Kuna watu wa Mbeya, wa Mtwara, kuna mmoja yuko Muscat. Kazi yetu ikawa kuzitambua zile nyimbo. Sehemu ikiisha tu, mtu anarusha kipande cha wimbo, na hapo ndipo vurugu inapoanza. Huyu anasema gitaa hilo nalijua, yule anasema hulijui, wanabishana kama watu walio kwenye kesi ya kiwanja, mpaka anatokea mzee fulani kupitia simu ya mjukuu wake, anataja bendi na jina la wimbo, na mambo yanaisha. Nilikuwa nacheka peke yangu ofisini kwa walimu, wenzangu wakidhani nina mchumba. Tulizitambua karibu zote. Waandaaji wenyewe wakaanza kutufuata na kuandika majina tuliyoyapata.

Halafu ukaja wimbo wako.

Jioni ile nilikuwa jikoni, nachambua mchele. Televisheni ilikuwa inaongea sebuleni. Bi Tatu alikuwa anaanika kanga, na nyuma yake mwanamke akaanza kuimba:

"Salamu nimezichoka, njoo mwenyewe uniamkie."

Mama, ungo ulinitoka mkononi. Mchele wote sakafuni. Wimbo ule niliujua, ila sikuwahi kuyajua maneno yake, kwa kuwa wewe uliuimba mdomo umefumba, ukikuna nazi, miaka yote ya utoto wangu. Na ile "uniamkie"... hapo kwenye televisheni uliivuta kidogo mwishoni kisha ukaiachia taratibu, kama mtu anayetua ndoo asitake maji yamwagike. Ndivyo ulivyokuwa ukiniita mimi. Mwajumaa. Vilevile.

Tulijua uliimba. Ulisema mara moja, "Nilikuwa naimbaimba zamani, ujana huo," ukatugeuzia mazungumzo kwenye ukwaju. Hatukujua kwamba uliimba hivi.

Mwisho wa sehemu ile waandaaji, ambao sasa walikuwa na desturi ya kutaja majina, waliandika jina la wimbo, na chini yake: "Mwimbaji hajulikani."

Hajulikani. Nilikaa na neno lile usiku mzima kama mfupa kooni.

Asubuhi niliandika kwenye kundi: huyu ni mama yangu mzazi, Mwanaidi binti Mfaume wa Bagamoyo. Wapo walionipongeza. Wapo waliocheka, wakasema wiki hii kila mtu ana mama. Na kulikuwa na binti mmoja wa Tanga, Zainabu, aliyekuwa ameandika kabla yangu kwamba mwimbaji ni bibi yake. Alieleza kwa adabu kabisa. Marehemu bibi yake aliimba dansi, santuri ya wimbo huo imo kwenye sanduku lake mpaka leo, ingawa maandishi yake ya katikati yamefutika, na aliupenda hadi akawaimbia wajukuu wote kuwalaza. Mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na masikio yangu tu. Watu wengi wakaenda upande wa Tanga, na sikuwalaumu. Waandaaji wakasema wataandika jina litakalothibitishwa.

Sasa nikuambie la nyumbani, na hili usikasirike.

Kaka Shabani alikuja mbio. Alikuwa ameusikia wimbo, na aliitambua sauti kama mimi, hilo hakulikana. Lakini alisema, "Mama tumemzika kwa heshima, tunamsomea khitma kila mwaka. Leo unataka kumrudisha ukumbini?" Alisema watu watazungumza. Alisema Baba ni mtu wa msikitini, alhaji, tangu arudi Makka hataki hata redio ipige muziki sebuleni, tutamwambia nini? Nilitaka kumjibu kwa ukali nikashindwa, kwa kuwa hakuwa anakuonea aibu wewe, Mama. Alikuwa anaogopa watu wasikuonee.

Tulikwenda kwa Baba baada ya alasiri. Alikuwa barazani na tasbihi yake. Shabani akaeleza upande wake, mimi nikaeleza wangu, kisha nikampigia kile kipande kwenye simu. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa. Niliona nimeshindwa.

Kisha akauliza polepole, "Na hao watu wanasema ni nani?"

Nikamwambia, "Wengi wanasema ni mwimbaji wa Tanga."

"Tanga?"

Mama, ungemwona. Aliweka tasbihi chini. "Tanga? Mama yenu hajawahi hata kufika Tanga." Akageuka huku na huku kama anayemtafuta mtu wa kumshitakia. "Mimi nilikuwa nakaa meza ya mbele kila Jumamosi, halafu waniambie Tanga!"

Shabani alinitazama, mimi nikamtazama. Tangu tuzaliwe hatukuwahi kusikia kwamba Baba alikanyaga ukumbi wa dansi. Alirudisha sauti chini, akasema maneno ambayo nimeyashika kwa moyo: "Hakuna baya alilofanya mama yenu. Aliimba vizuri, akaacha alipotaka yeye, akalea. Mtu kunyang'anywa kazi yake akiwa kaburini, hiyo ndiyo aibu." Halafu akaniambia, "Nenda Kiwangwa. Mtafute Kibwana. Kama yu hai atakwambia, ndiye aliyepiga gitaa."

Nilikwenda Jumapili iliyofuata. Mzee Kibwana yu hai, Mama. Anakaa na binti yake, ana shamba la mananasi, na vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi kiasi kwamba hawezi tena kushika nyuzi. Nilipomwamkia aliniangalia usoni, akasema kabla sijajitambulisha, "Wewe ni wa Mwanaidi." Nililia hapohapo, mbele ya binti yake na kuku wake.

Nilimpigia kipande. Alikishikilia sikioni kwa mikono miwili, macho amefumba, na bega lake moja likaanza kucheza. Kilipokwisha akakunja uso. "Mbona wamekata? Haujaisha. Mwishoni gitaa linapanda, na mimi namwita mama yako jina, naye anacheka. Tulirekodi mara moja tu, hatukuweza kukifuta kile kicheko."

Nikamuuliza wimbo ulimhusu nani. Alicheka mpaka binti yake akamletea maji. Alisema kulikuwa na kijana mmoja wa meza ya mbele, mpole kupita kiasi, kila Jumamosi anamtuma yeye Kibwana, "Mpelekee Mwanaidi salamu zangu," na mwenyewe hasogei. Ukachoka kupelekewa salamu. Ukamtungia wimbo, ukamwimbia palepale ukumbini, ukimtazama. "Wiki ya pili baba yako alikuja mwenyewe," akasema Mzee Kibwana. "Alitetemeka, lakini alikuja."

Mama, wewe. Na ulituacha tukidhani mliozeshwa tu na wazee.

Nilirudi Bagamoyo nina furaha, lakini bado sina ushahidi. Neno la mzee mmoja wa Kiwangwa, rafiki wa familia, wangeliamini wangapi? Kipande cha tamthilia kilikatika kabla ya jina. Wimbo mzima ulikuwa kwenye santuri, na santuri niliyoijua ilikuwa sandukuni Tanga, kwa mtu aliyeamini ni ya bibi yake.

Nilimwandikia Zainabu kando, si kwenye kundi. Nilimweleza aliyosema Mzee Kibwana, nikamwomba ausikilize wimbo mpaka mwisho. Alijibu kwamba mashine ya bibi yake ilikufa zamani, ila kuna fundi redio mjini mwenye mashine inayozunguka, atampelekea. Baada ya hapo akanyamaza. Siku zikapita. Nakiri nilimdhania vibaya.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, simu ikalia. Zainabu alikuwa ameuweka wimbo mzima kwenye kundi, mbele ya watu wote, na juu yake ameandika: "Nimeusikiliza hadi mwisho. Bibi yangu aliupenda wimbo huu, lakini hakuuimba yeye. Dada Mwajuma, sikiliza na wenzako nyumbani."

Niliwaita. Baba alikaa kwenye kiti chake akiwa bado na kanzu ya Ijumaa. Shabani alisimama mlangoni. Nikabonyeza.

Uliimba, Mama. Beti ambazo tamthilia haikuziweka, zote, uliimba sebuleni kwako. Mkwaruzo wa santuri ulisikika kama mvua ya mbali na wewe ukapita juu yake, mkubwa, hukuwa na haraka na mtu. Halafu gitaa likapanda kama alivyosema, na sauti ya kijana, Kibwana yule mwenye vidole vizima, ikaita: "Mwanaidi, mtoto wa Dunda, mwambie!" Dunda yetu hii ya Bagamoyo, si ya Tanga. Nawe ukacheka. Kile kicheko chako cha kuanzia puani.

Shabani alitoka nje. Nilidhani amekasirika. Nilimfuata nikamkuta bombani anaosha uso, anaosha tena. Akaniambia, "Uandike jina lake lote. Lisikatwe."

Niliporudi ndani, Baba alikuwa ananyosha kidole kwenye simu, hajui pa kubonyeza. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. Alitaka tena. Ndani ya sebule yake, Mama, alhaji.

Kundi lilifurika siku ile. Wale waliocheka waliomba radhi, mwingine kwa ujumbe wa sauti wenye kigugumizi. Yule wa Muscat alisema amesimamisha gari kando ya barabara. Nilimpigia Zainabu kumshukuru. Alisema alikaa na ile santuri siku kadhaa, kwa kuwa ilikuwa kama kumpoteza bibi yake mara ya pili, kisha akafikiri: bibi aliutunza wimbo huu ili usipotee, na sasa umefika kwao. Amekuja kututembelea tangu hapo. Amelala chumbani kwako. Nilimpikia samaki wa nazi, akasema hajapata kula hivyo, na nikamwambia ni mkono wako.

Jumamosi iliyopita, kwenye marudio ya alasiri ya sehemu ile yenye wimbo wako, tuliwaalika majirani. Walikuja mpaka wale usiotarajia. Mzee Kibwana aliletwa na binti yake, na nanasi kubwa kama mtoto mchanga, na alipokutana na Baba walishikana mikono wasiachane, wakawa wanacheka. Sehemu ikaisha. Maandishi yakaanza kupanda. Nilishindwa kuyasoma, macho yalijaa, lakini mwanangu mkubwa aliyasoma kwa sauti ya darasani: "Mtunzi na mwimbaji, Mwanaidi binti Mfaume wa Bagamoyo. Gitaa, Kibwana wa Kiwangwa."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka wapita njia wakauliza nani anaolewa. Shabani ndiye aliyewajibu. Alisimama uani kifua mbele, akasema, "Ni mama yetu."

Sasa jioni watoto wa mtaani wanauimba wakichota maji. Imamu amekutana na Baba njiani, nikaogopa, kumbe alitaka kujua kama ni kweli ulikuwa unatunga mwenyewe. Baba akamwambia ndiyo, na nyingine zipo. Mzee Kibwana anasema mlirekodi nyimbo zaidi, hajui zilipo. Kundi zima limeshaanza kutafuta, Zainabu yuko mbele yao, na mimi nakuahidi sitatulia. Kila utakaopatikana nitausikiliza mpaka mwisho wake, na chini yake litakuwapo jina lako. Na khitma yako itasomwa palepale, wakati uleule, kama kila mwaka.

Mungu akunurishie kaburi lako, akulaze pema.

Nimekuita jina mbele za watu mara nyingi mno siku hizi, Mama, na mtoto hamwiti mama yake jina. Unisamehe. Ilibidi walijue. Sasa wanalijua, narudi kukuita ninavyokuita mimi.

Kwaheri, Mama.

Mwanao,
Mwajuma