Hatua Elfu Tisa za Mzee Friesen

Nyumba Na. 418, Mtaa wa Burrows,
Winnipeg.
Jumapili, 11 Februari 2024.

Mpendwa binamu Daria,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kukutabiria theluji. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi, ambayo wiki hii imefika thelathini chini ya sifuri, na mama, ambaye anailaumu serikali kwa hilo. Mwanangu Stefan anakula vizuri. Ndilo jambo pekee analolifanya kwa bidii tangu Krismasi.

Uliniuliza kazini kunaendaje. Kazini hakuendi, kazini tunakaa. Ghorofa ya kumi na moja, madirisha yasiyofunguka, na bado miaka minane nifikie pensheni. Kutoka ninapoegesha gari hadi kwenye kiti changu sigusi hewa ya Mungu, maana majengo yameunganishwa kwa vijia vya vioo. Pale mapokezi kuna samaki wa mapambo. Huwa tunatazamana.

Mwezi uliopita wakubwa waligundua kwamba kukaa kunatuua, wakatuletea Mwezi wa Afya. Kila mtu alipewa bangili ya mpira inayohesabu hatua, elfu tisa kwa siku, pamoja na mwenzake wa kujuliana hali na kushindana naye dhidi ya jozi nyingine. Mimi nilipangiwa Mzee Wendell Friesen. Tumekaa miaka kumi na tisa tukitenganishwa na ubao mmoja, na nilikuwa namjua kwa kikohozi tu. Basi kila saa mbili asubuhi akawa anagonga ubao na kuuliza, "Upo?" Najibu, "Nipo." Mazungumzo yamekwisha. Lakini siku moja alichelewa kugonga, nikajikuta nimetega sikio.

Sasa nikuungamie jambo. Ukitikisa mkono chini ya meza, bangili inadhani unatembea. Niligundua mimi, na kabla ya wiki kwisha idara nzima ya madai ya bima ilikuwa imekaa ikitikisika kama yenye homa. Mzee Friesen hufanyia kazi nyumbani Jumatatu hadi Jumatano, kwa hiyo akaniachia bangili yake.

"Dada, nitembeze na mimi," aliniambia. "Ila usinipeleke mbali, viatu vyangu vibovu."

Siku za nyumbani alikuwa akiniandikia "Upo?" kwenye simu. Jumanne ya mwisho ya Januari hakuandika. Nikamwandikia mimi. Kimya. Nikapiga, ikaita hadi ikachoka. Ilipofika saa sita nikaenda kwa msimamizi wetu, Colleen. Akatazama kompyuta yake.

"Orysia, acha wasiwasi. Mzee yuko fiti kuliko wewe. Ameshamaliza elfu tisa zake, na chakula cha mchana bado."

"Simu hapokei."

"Atapokeaje, naye yuko mbioni?"

Bangili zote mbili nilikuwa nimezivaa mimi, ndani ya mkono wa sweta. Nikisema, napata barua ya onyo na idara nzima inaumbuka. Nikarudi kitini. Nilikaa dakika ishirini, Daria. Nakuandikia idadi hiyo kwa sababu hakuna mwingine anayeijua. Mkono ulikuwa ukitetemeka wenyewe, na bangili ikawa inahesabu.

Kisha nikaenda nikazivua mezani kwa Colleen. "Mzee Friesen ni huyu hapa," nikasema. Hakucheka. Aliwapigia watu wa dharura.

Walimkuta sakafuni jikoni, nyonga imevunjika tangu jioni ya jana yake, sauti imekauka kwa kuita. Daktari alisema asingeuona usiku wa pili. Jioni ile mashine ya kuhesabu hatua ilimtumia pongezi.

Nilimpelekea hospitali pierogi alizopika mama, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani. Swali lake la kwanza: "Tumeshika nafasi ya ngapi?"

"Wametufuta wote wawili."

"Uonevu huo. Nilikuwa na kasi."

Sikumwambia zile dakika ishirini. Alhamisi wauguzi walimsimamisha, akatembea hatua saba hadi dirishani. Akaniambia nizihesabu kwa sauti, nikazihesabu. Dirisha la pale nalo halifunguki. Nilijaribu.

Barua ya onyo nimeipata, nimeisaini, nimerudi kwenye kiti kilekile. Ikifika saa mbili hakuna anayegonga, nami nasikiliza vilevile.

Na wewe, Daria, unafanyia kazi sebuleni, peke yako na paka, na kile kitone cha kijani kwenye kompyuta kinachowaambia wenzako kwamba upo. Mimi sikiamini tena. Kuanzia kesho nitakupigia kila asubuhi kabla sijaingia kazini. Habari sitaki. Sema "Nipo," kisha ukate.

Nisalimie mjomba Bohdan, Zenia na watoto wake, na paka kama yuko tayari kupokea. Mungu akulinde na barafu ya mlangoni, na akupe wa kukugongea.

Ni mimi nikupendaye, na ambaye kesho usipopokea nitawaita watu wa dharura bila kungoja hata dakika moja,

Orysia