Kitambaa cha Fundi

Jumatatu, 4 Machi

Fundi wangu,

Amekufa. Rais! Redio imepiga nyimbo za jeshi tangu asubuhi, kisha mtangazaji akasema kwa sauti nzito: marehemu. Marehemu baba wa taifa. Marehemu mpenda wanyonge. Nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja, nikaiunguza. Miaka kumi na mitatu sijathubutu kukuita hivyo wewe. Mama yako hataki. Marehemu ana kaburi, husema. Mwanangu hajarudi tu.

Na Mama amelia, Fundi! Ameketi chini ya picha ya Rais, khanga usoni. Hospitali ya macho aliijenga yeye, mtoto wa jicho wakamtoa bure. "Macho haya ni yake." Nikamuuliza, na mwanao je? Akanikata kauli: Mzee hakujua. Wabaya ni watu wake.

Kinyozi jirani, rafiki yako Mdomo Wazi, alitoka nje na mkasi mkononi. "Mzee kanyolewa! Wengine watie maji!" Mtaa mzima ukacheka. Mimi pia, kidogo.

Jumanne, 5 Machi

Wamemuua Mdomo Wazi.

Vijana wa chama, na marungu. Walimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, wakamfunga shuka shingoni kama mteja. "Haya, tia maji!" Wakavunja kioo cha ukutani, wakamnyoa kwa kipande chake. Aliita mama yake. Kisha akaniita mimi — shemeji! shemeji! Nilikuwa nyuma ya pazia. Miguu ilikataa.

Halafu marungu. Halafu kimya. Damu ilipita chini ya mlango wake, imebeba nywele za wateja.

Jumatano, 6 Machi

Kiongozi wao kaja dukani. Ana adabu huyo! "Shikamoo mama." Kucha bado nyekundu. Anataka vitambaa vyeusi vya kufunga mkononi, kila mtu avae hadi maziko. Asiyevaa atajijua.

Nimeshona kutwa kwa cherehani yako. Pedali inalia vilevile. Nimekukumbuka ulivyokuwa ukiongea na pini midomoni, nami nikikwambia, ipo siku utameza. Ulikuwa nazo siku watu wa Rais walipokuja kukuchukua. Kwa ule utani wako tu — koti la Mzee halina mfuko wa kutolea, lina wa kutilia! Walikuzaba kofi, pini zikakuchoma shavuni. Ndivyo ulivyotoka mlangoni, hata kusema kwaheri hukuweza.

Alhamisi, 7 Machi

Sanamu ya Rais imeangushwa. Askari wakafyatua risasi. Muuza maziwa kapita huko: maiti zimelala, viatu vimetapakaa. Sasa kundi jingine, la waliomchukia, linazunguka na mapanga, likikuta kitambaa linakata na mkono. Wale wa chama wanapiga wasiokivaa. Uvae? Uvue? Watu wanakiweka mfukoni, wanachungulia kona kwanza.

Ijumaa, 8 Machi

Yule kiongozi wa vijana karudi kutufunga vitambaa mwenyewe. Mama akamnyooshea mkono, akamwambia mjukuu wangu, Mzee alikuwa mwema, ni vile tu hakujua mambo yote.

Kijana akacheka. "Hakujua? Bibi, Mzee alijua kila kitu! Baba yangu alikuwa mlinzi wake. Hata utani wa fundi wa mtaa huu ulimfika. Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema, huyo fundi, naye ashonwe mdomo."

Alisema kwa fahari. Hakujua anamwambia nani. Akamfunga Mama kitambaa, akaaga vizuri.

Mama hakulia.  Kisha akapanda kigodani, akaitungua picha, akaigeuza ukutani. "Alinipa macho," akasema. "Na niliyetaka kumwona akamla." Akakivua kile kitambaa, akanipa, akasema: Nitilie uzi mweupe. Andika: marehemu mwanangu, Fundi.

Marehemu. Kalitamka mwenyewe. Hapo ndipo nilipokulilia, mume wangu. Kwa sauti, kama watu.

Jumapili, 10 Machi

Leo ndiyo maziko. Mama yuko kizingitini tangu asubuhi, kitambaa mkononi. Nimemsihi aingie. Amesema nishone changu, nisimpigie kelele.

Vijana wa chama wamefika. Nawasikia.

"Shikamoo bibi. Mbona kina maandishi? Hiki cha nani?"

"Cha mwanangu."

"Leo analiliwa mmoja tu, bibi."

"Basi ndiye huyo."

Mmoja wao anaburuta rungu ukutani, polepole. Sasa wanataka na mimi nitoke. Naandika nimesimama. Changu kimebaki herufi moja, nimeshika pini kwa midomo kama wewe. Mara hii miguu imekubali.

Natoka kukaa na Mama. Marehemu wangu, unikumbuke.