Hostia Nzima ya Charline

Mwaka umetimia, Charline Kasoki, tangu sisi familia yako tulipokuzika, na nyumba yetu ya mtaa wa Katindo bado inakutafuta. Mama yako hukuita umletee maji, kisha huenda kuyachota mwenyewe.

Ulikuwa na miaka kumi na ubishi wa mtu mzima. Ulipenda sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, ulichukia kusukwa nywele, na wadogo zako uliwafundisha katekisimu ukiwa na fimbo mkononi. Jirani akiugua, ulifika mlangoni kwake na sahani ya chakula, ingawa njiani ulikuwa umeshaionja.

Pua yako ilipoziba upande mmoja, tulisema ni vumbi la Goma, maana hapa nani hana mafua? Ukaanza kukoroma, sauti ikawa ya puani, damu ikatoka. Kisha shingo ikavimba, na ugali wa foufou ukakataa kushuka. Daktari alikata kinyama kidogo nyuma ya pua, kikapimwa. Akatuambia ni lymphome, kansa ambayo watoto pia huipata, na kwamba yako ilianzia nyuma ya pua ikashuka mpaka kooni. Papa yako Florent alitoka nje bila kuaga. Tangu siku hiyo alisema hazungumzi tena na Mungu. Jumapili alitufikisha kanisani kwa pikipiki yake, yeye akabaki mlangoni.

Wewe ulikuwa na shida nyingine: komunio ya kwanza. Wenzako walikuwa wanaipokea Pentekoste, na koo lako halikupitisha hata uji mzito. Padri Wenceslas alikuja hospitalini akakueleza kwamba chembe ndogo ya hostia, mkate ule mtakatifu, kwenye kijiko cha maji inatosha, Yesu yumo mzima. Ulimtazama kwa jicho lile tunalolijua.

"Padiri, nitangoja. Nataka nikule yote, sawa benzangu."

"Na kama inachelewa, mutoto wangu?"

"Itanikuta tu."

Dawa za sindano zilikumaliza nywele, ukafurahi kwamba hakuna tena wa kukusuka. Uvimbe ulipungua haraka kuliko tulivyothubutu kuomba. Mchana mmoja mama yako alikimbilia kitanda chako kwa hofu, kwa sababu hakusikia ukikoroma. Akakuta umelala mdomo umefungwa, unapumua kwa pua. Alilia mpaka wagonjwa wengine wakamcheka.

Ulipokea hostia nzima mwezi wa nane, peke yako, katika misa ya kawaida, ndani ya gauni jeupe lililokuwa kubwa kwako kwa jinsi ulivyokonda. Ulimeza, halafu ukageuka na kufungua mdomo kutuonyesha kwamba imeshuka. Kanisa lilicheka. Papa yako aliona yote kutoka pale mlangoni.

Ugonjwa ulirudi kabla ya Noeli, na safari hii dawa hazikuuweza. Koo likafunga tena. Padri alipokuja nyumbani na hostia, tulijitayarisha kwa ubishi wako. Hukubisha. Ulikubali chembe kwenye kijiko, na hapo sote tulijua huna tena muda wa kungoja. Kisha ukatazama kilichobaki mkononi mwake.

"Ile ingine mupatie papa."

Papa yako alikuwa ameegemea ukuta. Alikawia sana. Mwishowe alipiga magoti kando ya kitanda chako, akaipokea, na wewe ukaweka mkono juu ya kichwa chake.

Siku hizi anaingia kanisani pamoja nasi. Hasira yake haijaisha, na hatumlazimishi kuimaliza. Lakini kila Jumapili anasimama kwenye mstari, kofia ya pikipiki kwapani, mpaka zamu yake ifike. Tukimuuliza, anasema wewe ndiye uliyemtuma, na hajui namna ya kukukatalia.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii asubuhi. Wanaokukumbuka ni papa yako Florent, mama yako Henriette, wadogo zako Gauthier na Prodige, nyanya yako aliye Butembo, na wenzako wote wa katekisimu.

Tunakupenda, mtoto wetu. Jina lako halitatoka midomoni mwetu, leo na siku zote.